Chini ya Saa Kubwa

Kondakta aligonga ubavu wa basi kwa kiganja, akapayuka, "Saa Kubwa! Wa Saa Kubwa tushuke!"

Inspekta akashuka. Tangu aingie katika mji mkuu ule wa ugenini alikuwa ameshashuka hapo mara nyingi mno, na kila aliposhuka alifanya jambo lile lile. Alisimama ukingoni mwa barabara, akainua kichwa, akaitafuta saa. Aliona jengo la posta lenye paa jekundu. Aliona njiwa wakigombania nafasi kwenye kingo za madirisha. Saa hakuiona. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Kioo cha kushoto kilikuwa na ufa uliokikata katikati, cha kulia kilikuwa kimechubuka, kwa hiyo safari hii aliona njiwa mara mbili, na saa hata nusu yake hakuiona.

"Macho haya yatanifukuzisha kazi," alijisemea, akaanza kutembea kuelekea makao ya polisi.

Mwezi mzima wa kukaa pale ulikuwa unaelekea ukingoni, na Inspekta hakuwa na kitu mkononi. Alikuwa ametumwa kuchunguza jambo moja tu. Kwao, katika mji mdogo wa ng'ambo ya mpaka, mtu alikuwa amefungua karakana ya Fundi Miwani kwa ufunguo, bila kuvunja hata komeo, akaondoka na mashine ya kukatia lenzi. Mashine hiyo ilikuwa ya pekee wilaya nzima. Tangu ipotee, mwalimu mkuu alikuwa anasoma mahudhurio kwa kukisia, na hakimu alikuwa anayashika mafaili mbali na uso mpaka mkono unamuuma.

Watu waliokuwa na funguo walikuwa watatu. Fundi Miwani mwenyewe alikuwa amelazwa hospitali usiku huo. Mbia wake, kijana wa nguo za kupigwa pasi ambaye mji mzima ulimwita Mtanashati, alisema alikuwa nje ya nchi, kwa dada yake, katika mji mkuu huu huu. Akabaki mlinzi. Mlinzi akawekwa mahabusu, na kesi yake ilikuwa isikilizwe Jumatatu.

Inspekta alimjua mlinzi yule. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa michongoma, na watoto wao walikuwa wanapigana na kupatana hapo hapo uani kila siku. Mke wa mlinzi alimpigia simu kila asubuhi.

"Shemeji, vipi huko?"

"Tunaendelea, shemeji. Nafuatilia."

"Mtoto wa mwisho ameanza kuwaambia wenzake baba yake kasafiri na wewe. Sikumkatalia. Utarudi naye, shemeji?"

Swali hilo lilimkaa Inspekta rohoni kuliko maneno yote ya Mkuu wa Kituo. Mkuu wa Kituo alikuwa amesema kwa ufupi: kama maelezo ya Mtanashati ni ya kweli, mlinzi anahukumiwa. Na maelezo yalionekana ya kweli. Pasipoti yake ilikuwa na muhuri wa kuingia na muhuri wa kutoka. Dada yake, mama mmoja mkarimu mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili, alimkaribisha Inspekta, akamjazia sahani, akaapa kwamba mdogo wake alikuwa kwake mwezi mzima. Ni kweli kwamba mpaka ule una njia za panya nyingi kuliko panya wenyewe, na mtu aweza kugongewa muhuri mchana na kurudi kwao jioni kupitia mashambani. Lakini kujua kwamba inawezekana ni kitu kimoja, na kumwonyesha hakimu ni kitu kingine.

Kilichobaki ni maneno ya Mtanashati mwenyewe, na Inspekta alikuwa ameyakariri yote.

"Asubuhi nilikuwa nakunywa chai kinuni," Mtanashati alikuwa amesema siku ya mahojiano, mguu mmoja juu ya mwingine. "Napenda kuzisikiliza zile mashine zinavyosaga. Mchana napunga upepo kando ya bwawa. Jumamosi dada ananipeleka sinema. Na kila jioni namsubiri chini ya saa kubwa, atoke kazini. Naiangalia saa, ikigota kumi na moja, huyo anatokea."

Inspekta alikuwa ameshuka Kinuni, akakuta duka la magodoro. Alikuwa ameshuka Bwawani, akakuta kituo cha mafuta. Sinema palikuwa na kliniki ya meno. Aliposimamisha watu kuwauliza, "Samahani, Kinuni ni wapi?" walimtazama kwa huruma wakamjibu, "Ndiyo hapa, mzee. Umeshafika." Angewauliza nini zaidi? Mpelelezi mzima, mwenye kitambulisho, awaulize wapita njia kinu kiko wapi, nao wanamwambia amesimama mbele yake? Aliona aibu. Akaamini kwamba vitu vyote hivyo vipo, ila macho yake hayavioni.

Na miwani mpya hakuweza kununua, ingawa mji ule ulikuwa na maduka ya miwani kila kona. Fremu yake alipewa na baba mkwe siku ya harusi. Ilikuwa na umbo la ajabu, pana juu, imechongoka chini, pembe huku na pembe kule. Mafundi wa mji mkuu waliigeuza, wakaitana kuja kuitazama, wakamwambia anunue nyingine. Wapi! Mke wake angemuuliza ya baba ameipeleka wapi. Fundi Miwani peke yake ndiye aliyeweza kuikatia vioo, maana alikuwa amemchongea kigezo maalumu cha plastiki chenye umbo lile lile, akakifunga kwa uzi kwenye mashine ili kisipotee. Kikaibwa pamoja na mashine.

*

Sajini, mwenyeji wake, alimkuta ameinama mezani katika ofisi waliyompa, anaandaa ripoti ya kushindwa. Sajini alikuwa mama wa makamo, mnene, mcheshi, aliyezaliwa na kukulia mji ule ule.

"Afande, mbona umenuna hivyo? Unatuaga wiki hii, tufurahi."

"Sajini, nikuulize kitu. Lakini usicheke."

"Sicheki."

"Saa kubwa iko upande gani wa posta?"

"Saa ipi?"

"Ile ya Saa Kubwa. Nimeitafuta mwezi mzima. Nimezunguka lile jengo mpaka mlinzi wao ananisalimia kwa cheo. Siioni."

Sajini alijitahidi kutimiza ahadi. Alibana midomo, akatazama dari, akajishika mbavu. Mwishowe akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini.

"Afande wangu! Ile saa haipo! Waliing'oa mimi nikiwa shule ya msingi."

Inspekta aliduwaa. "Haipo?"

"Haipo."

"Na kinu?"

"Kilibomolewa zamani hizo."

"Sinema?"

"Iliungua. Bwawa usiniulize, lilifukiwa, ndipo penye kituo cha mafuta."

"Sasa kwa nini mnapaita Saa Kubwa na saa hakuna?"

Sajini akafuta machozi. Swali lilimshangaza kwelikweli. "Sasa tupaite nini, Afande? Pale si ndipo Saa Kubwa?"

Inspekta alipandwa na hasira. Alizifikiria soli za viatu vyake, alivyosimama mbele ya magodoro akitega sikio asikie kinu. Alitaka kusema neno zito juu ya mji ule na watu wake. Alifungua kinywa, kisha akakifunga. Kitu kilikuwa kimemgonga kichwani.

"Sajini. Mtu akikaa hapa mwezi mmoja, atajua kwamba saa haipo?"

"Atajua siku ya kwanza. Si atashuka, aangalie, asione? Labda awe..." Sajini alisita kwa adabu.

"Awe na miwani kama yangu. Haya, nikwambie. Kuna mtu anasema alikuwa anakunywa chai kinuni na kusikiliza mashine zikisaga."

Sajini aliacha kucheka. "Mashine gani tena?"

"Na kila jioni anasimama chini ya saa, anaiangalia, ikigota kumi na moja dada yake anatokea."

"Basi huyo hajawahi kutia mguu hapa," alisema Sajini. "Huyo kasimuliwa. Dada yake anampigia simu, anamwambia leo nimeshuka Saa Kubwa, nikapita Kinuni. Sisi ndivyo tunavyosema. Na yeye huko aliko anajichorea mji wake."

"Mji ambao haupo," alisema Inspekta. Akaichana ripoti.

"Tukamkamate?" aliuliza Sajini.

"Yuko kwetu. Na nikimuuliza kule kule atasema alipitiwa, alichanganya majina. Nataka anionyeshe mwenyewe, kwa kidole chake, nawe ukiwepo." Akachukua simu, akakohoa kidogo, akaitengeneza sauti ikawa ya mtu aliyekata tamaa. "Hallo, Bwana Mtanashati? Ni mimi. Ndugu yangu, nimekwama. Haya macho yangu unayajua. Ile saa uliyosema siioni, kinu sikioni, na nikiandika kwamba sikuviona, Mkuu atafikiria vibaya. Ungepanda basi ukaja kunionyesha, tukamaliza, ingekuwa msaada mkubwa."

Upande wa pili pakatokea kicheko cha upole. Mtanashati alipenda sana kuonekana mwema, hasa mbele ya watu aliowadharau.

"Inspekta, pole sana. Nitakuja Jumamosi. Mji ule naujua kama kiganja changu."

*

Jumamosi asubuhi Inspekta alikuwa kituo kikuu cha mabasi kabla basi halijaingia. Hakutaka Mtanashati apate hata dakika moja na dada yake. Nyuma yake, karibu na muuza magazeti, Sajini alikuwa amejifunika kanga na kushika kikapu, hana tofauti na mama yeyote anayesubiri mgeni.

Mtanashati alishuka akiwa hana hata kunyanzi moja kwenye shati, kana kwamba alisafirishwa akiwa amening'inizwa. Akamkumbatia Inspekta.

"Umekonda, Inspekta! Huu mji hauna huruma kwa mtu asiyeuzoea. Lakini nimekuletea zawadi." Akatoa mfukoni bahasha laini ya kitambaa. Ndani yake zilikuwemo lenzi mbili, mpya, safi. "Macho yako si nilikupima mwenyewe pale karakanani? Nikasema, ndugu yangu hawezi kuteseka hivi. Nipe fremu."

Inspekta alimpa. Mtanashati alivitoa vioo vibovu kwa vidole vyepesi, akaingiza cha kushoto, kikaingia. Akaingiza cha kulia. Kikalia *tap*, kikakaa, pembe huku na pembe kule, haukubaki upenyo hata wa unywele.

Inspekta aliivaa. Kwa mara ya kwanza aliuona mji ule. Aliyaona majani mtini, akaisoma namba ya basi la mbali. Akamwona Sajini naye anamtazama, nyusi juu. Aliukaza uso wake usibadilike.

"Mungu akuzidishie," alisema. "Twende sasa ukanionyeshe saa."

"Kwanza nimsalimie dada."

"Tutamsalimia baadaye. Saa ipo njiani."

Walipanda basi. Simu ya Mtanashati ikaita, na Inspekta akaliona jina la dada kwenye kioo chake bila taabu yoyote. Kabla Mtanashati hajaipokea, Inspekta akamshika bega, akaanza kumuuliza habari za nyumbani. Mvua imenyesha? Mkuu wa Kituo hajambo? Yule jogoo wake anayewika mchana, yupo? Simu ikaita mpaka ikachoka.

"Saa Kubwa! Wa Saa Kubwa tushuke!"

Mtanashati alishuka kwa madaha. Akasimama ukingoni mwa barabara, akainua kichwa. Inspekta alisimama pembeni yake, mikono nyuma, akimtazama mtu akifanya jambo ambalo yeye mwenyewe alilifanya mwezi mzima. Karibu amwonee huruma.

"Ehe," alisema Inspekta. "Iko wapi?"

"Iko... Tumeshukia upande mwingine leo. Iko nyuma ya hili jengo."

Wakazunguka. Nyuma ya posta palikuwa na mapipa ya taka na paka mmoja aliyelala.

"Ulikuwa unasimama hapa?"

"Siyo hapa. Mbele zaidi. Unajua, mti umekua, umeifunika."

"Mti upi?"

Mtanashati aliutafuta mti. Wakazunguka tena, wakatokea mbele. Mlinzi wa posta akasimama wima, "Afande!" akapiga saluti, akarudi kukaa. Jasho lilikuwa limeanza kulowesha kola ya Mtanashati, na yeye hakuwa mtu wa kutoka jasho.

"Pengine wameishusha kuisafisha," alisema.

"Pengine," alikubali Inspekta. "Lakini ulikuwa unaiangalia kila jioni?"

"Kila jioni."

"Ilikuwa na namba za kawaida, au zile za Kirumi?"

"Za Kirumi," alijibu Mtanashati bila kusita, kama mtu aliyerushiwa kamba mtoni.

Simu ikaita tena. Safari hii Inspekta hakumzuia. "Pokea, bwana. Weka sauti kubwa, na mimi nimsalimie shangazi wa watu."

Haikuhitajika sauti kubwa. Dada alisikika mpaka kwa njiwa.

"Wewe! Mbona hupokei simu? Umefika? Uko wapi?"

"Niko na Inspekta, dada. Tuko Saa Kubwa."

"Ah, basi mko karibu! Njooni kupitia Kinuni, mkifika Sinema pindeni kushoto."

Uso wa Mtanashati ukachanua. Alimgeukia Inspekta kana kwamba amemletea shahidi. "Unasikia? Kinuni, Sinema. Dada, hebu mwambie Inspekta, ile saa iko upande gani? Mti umeniziba."

"Saa gani?"

"Saa kubwa, dada! Saa!"

"Saa iko wapi tena, mdogo wangu? Waliing'oa hata sijaolewa! Hebu acheni kupoteza muda hapo, wali unapoa. Lakini sikulaumu, hujawahi kufi..."

Sauti ikakatika. Kwa mara ya kwanza tangu Inspekta amfahamu, mama yule alikuwa amenyamaza mwenyewe. Kisha simu ikakatwa.

Njiwa walitua, wakaruka. Sajini alikuwa ameshafika, kikapu mkononi, amesimama upande wa pili wa Mtanashati.

"Sikiliza, Inspekta," alisema Mtanashati kwa sauti ya chini. "Wewe ni mwanamume mwenzangu. Sikuwa hapa, nakubali. Nilikuwa na mwanamke, mji wa jirani. Mke wangu asijue. Ndiyo maana nilidanganya. Si kosa la jinai hilo."

Inspekta alishusha pumzi. Ilikuwa hoja nzuri. Wakili angeipenda, na hakimu pia, maana yeye mwenyewe alikuwa na mambo yake. Kama ingekuwa jana, wakiwa na ushahidi wa saa peke yake, wangeweza kukwama hapo. Alivua miwani, akaishika kwenye mwanga.

"Hizi lenzi umezikatia wapi?"

"Huko huko, mji wa jirani. Kuna fundi."

"Amezikata bila kuiona fremu? Maana fremu nilikuwa nayo mimi, hapa, usoni."

Mtanashati akaanza kuifuta kola yake kwa leso.

"Mafundi wa mji huu mzima waliishika kwa mikono wakashindwa," aliendelea Inspekta polepole, akimpa kila neno nafasi yake. "Umbo hili linakatwa kwa kigezo kimoja tu duniani, na wewe unajua kilipo. Kimefungwa kwa uzi kwenye mashine ya Fundi Miwani. Mwenye kigezo ndiye mwenye mashine. Na wewe umenikatia lenzi juzi."

"Nilikuwa nakuonea huruma," alisema Mtanashati. Sauti yake ilikuwa na manung'uniko ya kweli ya mtu aliyedhulumiwa. "Nilitaka uione saa."

"Nimeona," alisema Inspekta.

Sajini akatoa pingu ndani ya kikapu, kutoka chini ya fungu la mchicha. Mtanashati aliinyoosha mikono yake bila ubishi, akaomba tu wasimkunjie mikono ya shati. Kabla hawajafika kituoni alikuwa ameshasema mashine iko stoo kwa mama mkwe wake, imefunikwa magunia, na kwamba alikusudia kufungua karakana yake mwenyewe mambo yakipoa. Inspekta akampigia Mkuu wa Kituo pale pale, akampa mahali penyewe, na hakukata simu mpaka aliposikia gari likiwashwa.

Simu ya pili ilikuwa ya mke wa mlinzi, na mara hii alipiga yeye.

"Shemeji," alisema. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwambie mtoto baba yake atarudi kabla yangu. Mimi bado niko njiani."

Alisikia kelele, kisha kilio, kisha watoto wote wakiuliza kuna nini. Alingoja mpaka mama yule akaweza kuzungumza tena.

"Uko wapi sasa, shemeji? Umefika wapi?"

Inspekta alilitazama jengo la posta, paa jekundu, njiwa na ukuta mtupu.

"Niko Saa Kubwa," alisema.